Siki na Magadi

Katika kitabu cha Mithali, sura ya 25, mstari wa 20, kuna usemi nilioupita kwa miaka mingi bila kuuelewa. Mwenye hekima anafundisha kwamba anayemwimbia nyimbo mtu aliyelemewa moyoni anafanana na anayemvua mwenzake nguo wakati wa baridi, au na anayemimina siki kwenye magadi. Habari ya nguo na baridi sikuhitaji kufundishwa, maana nimekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, na huko mwezi wa saba mtu halali na blanketi moja. Habari ya siki na magadi ndiyo iliyonichukua muda. Nilikuja kuielewa usiku mmoja wa Ijumaa, ndani ya kanisa, nikiwa nimevaa kola yangu na watu wangu wakiimba nyuma yangu. Niliielewa kwa kuchelewa, na kuchelewa kwangu nusura kugharimu uhai wa mtoto wa watu.

Magadi sote tunayajua. Mama zetu huyanunua sokoni yakiwa mapande ya kijivu au meupe, na huyatia kidogo kwenye maharage au makande ili yaive upesi. Kwetu Kaskazini mengi hutoka Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao lava yake yenyewe imejaa magadi. Maji ya ziwa lile ni makali kiasi cha kuunguza ngozi, na bado flamingo huenda kutagia mayai huko. Magadi ya Biblia yalifahamika sana Misri, ambako watu waliyachimba kwenye maziwa yaliyokauka, wakafulia nguo na kuhifadhia maiti. Tafsiri nyingine za mstari huo husoma kidonda mahali pa magadi, zikifuata tafsiri ya kale ya Kiyunani. Lakini tafsiri yetu ya Kiswahili imebaki na magadi, nami nashukuru, maana nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho yangu kinachotokea siki inapoyagusa.

Niliona nikiwa kidato cha tano. Wakati huo sikuwa na wazo la uchungaji. Nilisoma fizikia, kemia na baiolojia, na wazazi wangu walikuwa wamekwisha kuwaambia majirani kwamba nitakuwa daktari. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mtu wa maneno machache na maabara yake ilikuwa na vifaa vichache zaidi, kwa hiyo alifundisha kwa vitu vya jikoni. Siku moja aliweka magadi yaliyosagwa kwenye bilauri, akamimina siki. Povu lilipanda, likamwagika mezani, tukacheka. Lilipotulia akatuambia tuchovye kidole. Siki haikuwa kali tena, na utelezi wa magadi ulikuwa umekwisha. Akatuuliza, "Kuna kitu kimeondoka humu. Ni nini?" Hatukujua. Akasema ni hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa puani. Siki ni asidi, magadi ni besi. Zilipokutana, kila moja ilimaliza nguvu ya mwenzake, na hewa ile ikatoka ikiwa povu.

Wiki iliyofuata alileta betri, nyaya mbili na balbu ndogo ya tochi. Alichovya nyaya kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke: giza. Akatia sukari: giza vilevile. Akachukua maji mengine, akatia chumvi: balbu ikawaka. Kwenye siki ikawaka kwa unyonge, kama jicho la mtu anayesinzia. Alitueleza kwamba chumvi inapoyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme, ziitwazo ioni, na ioni ndizo zinazobeba umeme ndani ya maji. Sukari huyeyuka pia, lakini haigawanyiki. Siki hugawanyika kidogo sana. Katika siki ya jikoni, kati ya molekuli elfu moja za asidi yake, ni tano hivi tu zilizogawanyika kwa wakati mmoja.

Jambo hilo la ioni lilifundishwa na Msweden, Svante Arrhenius, katika tasnifu aliyoitoa chuoni Uppsala mwaka 1884. Sisi Walutheri tunaufahamu mji huo kwa kiti cha askofu mkuu wa Uswidi. Maprofesa wake hawakupendezwa, wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa wazo hilohilo. Kisha mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walieleza kwamba asidi ni kile kinachotoa protoni, na besi ni kile kinachoipokea. Mwalimu wetu alikazia kwamba kilichotoa kinabaki na uwezo wa kupokea, na kwamba maji yanaweza yote mawili: mbele ya asidi hupokea, mbele ya besi hutoa.

Lakini somo lililonikaa zaidi lilikuwa la msawazo. Nilidhani zile molekuli tano zilizogawanyika ni zilezile siku zote na zilizobaki zimelala. Mwalimu alikataa. Alisema fikirini soko la Jumamosi saa sita mchana. Aliye mlimani akitazama anaona soko limejaa vilevile, asubuhi hata alasiri, akadhani watu wamesimama. Kumbe wanaingia na wanatoka bila kukoma, ila idadi ya wanaoingia ni sawa na ya wanaotoka. Ukiweka mlango mwingine wa kutokea, soko litapungua mpaka hesabu ilingane upya. Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya siki: zinagawanyika, zinarudiana, wakati wote. Nilifaulu mtihani huo vizuri. Halafu Bwana akaniita kwingine, nikaenda chuo cha theolojia, nikajifunza Kiyunani na Kiebrania, na kemia nikaifungia kwenye sanduku la bati pamoja na madaftari yake.

Sasa nirudi kwenye ile Ijumaa. Nilikuwa mchungaji kijana, mwaka wa pili katika usharika wangu wa kwanza, na tulikuwa na mkesha wa maombi. Yapata saa tatu usiku wazazi walimleta binti yao wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wangu wa kipaimara, amefungwa blanketi. Kwa wiki kadhaa alikuwa amekonda. Tangu siku iliyotangulia alikuwa akitapika na kushika tumbo. Tulimlaza kwenye mkeka mbele. Alikuwa akihema kwa nguvu, pumzi ndefu, za haraka, bila kupumzika, kama mtu aliyepanda mlima mbio, ilhali amelala. Nilipoinama kumwekea mikono nilisikia harufu mdomoni mwake, tamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Hilo pepo linahangaika, linataka kutoka." Hakuna aliyempinga. Mimi pia sikumpinga. Niseme kweli mbele zenu: nilifurahi kidogo. Nilikuwa mchungaji mpya, na watu walikuwa wakisubiri kuona kama nina nguvu. Nikaanza kukemea. Nikaikemea pumzi ile kwa jina la Yesu, itulie, imwache mtoto. Kwaya ikaanza mapambio ya haraka, makofi na kigoma. Tuliimba kwa karibu saa mbili. Kila pumzi yake ilipozidi, nasi tulizidi.

Yapata saa tano, bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma alikuja mbele. Alikuwa muuguzi mstaafu, mtu mpole, asiyependa kuonekana. Alinisubiri nipumue, akasema, "Baba Mchungaji, samahani, naomba niseme neno." Nilimkatalia kwa mkono. Akasubiri tena. Kisha hakuomba ruhusa tena. Alipiga magoti, akamnusa mtoto, akabana ngozi ya mkono wake akaona inavyochelewa kurudi, akamgeukia mama yake.

"Mama, mtoto anakunywa maji sana?"

"Sana, bibi. Ndoo haikai."

"Na usiku anatoka kwenda haja ndogo?"

"Mara nne, mara tano."

Akasimama. Akasema, "Hii ni sukari. Akikaa hapa mpaka asubuhi tutamzika."

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na pikapu. Tulimlaza binti nyuma juu ya godoro, bibi akakaa naye. Hospitalini walipomtoboa kidole, kile kipimo kidogo hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari iko juu kuliko kinavyoweza kusoma. Wakamtundikia maji ya chumvi, wakaanza insulini. Alfajiri daktari wa zamu, kijana wa umri wangu, alitoka ukumbini, akanikuta nimekaa sakafuni. Nilimwuliza kwa nini alikuwa akihema vile. Alikuwa amechoka, lakini alichukua karatasi akaniandikia, akidhani sitaelewa.

Nilielewa kila alama.

Mwili usipokuwa na insulini hauwezi kuitumia sukari hata kama damu imejaa. Unaanza kuchoma mafuta, na mafuta hayo huacha asidi. Damu ya mtu mzima wa afya haina ruhusa ya kutangatanga. pH yake hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na ikishuka chini ya 7 mtu yuko ukingoni. Kinachoilinda kwanza ni bikaboneti, ndugu wa karibu wa magadi, iliyomo ndani ya damu ya kila mmoja wetu. Asidi inapoingia, bikaboneti inaipokea, na matokeo yake ni maji na hewa ya ukaa. Hewa hiyo isipotoka, kazi inakwama. Kwa hiyo mwili hufungua mlango wa kutokea: mapafu yanahema kwa nguvu, yanaitoa, na kila inapotoka asidi nyingine inapata nafasi ya kupokelewa. Ni soko lile la Jumamosi. Na ile harufu ya ndizi ni asetoni, inayotokana na asidi hizohizo.

Hiyo ndiyo siki na magadi, wapendwa. Haikuwa mfano tu. Ndani ya damu ya mtoto yule siki ilikuwa ikimiminwa juu ya magadi usiku kucha, na magadi yalikuwa yakielekea kwisha. Nasi tulikuwa tumesimama juu yake tukiimba. Tena pumzi niliyoikemea kwa jina la Yesu, nikiiamuru ikome, ndiyo iliyokuwa ikimshika asife. Ilikuwa kazi ya Muumba, iliyowekwa tangu mwanzo katika mwili wake, ikifanyika kwa uaminifu kuliko nilivyokuwa nikifanya yangu. Kama Mungu angalinisikiliza maombi yangu kama nilivyoyatamka, mtoto angalikufa mikononi mwangu.

Daktari alisema bado hawajavuka. Insulini inaporudisha sukari ndani ya seli, huvuta na potasiamu pamoja nayo, na potasiamu ikipungua mno kwenye damu moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo walipima, wakaongeza, wakapima tena. Ioni kama zile zilizowasha balbu ya mwalimu wangu, zikiwemo sodiamu na potasiamu, ndizo zinazobeba umeme wa mapigo ya moyo. Kwa siku mbili niliona wauguzi wakizihesabu, kwa subira ambayo sikuwa nayo Ijumaa ile.

Siku ya tatu binti alikaa kitandani akaomba uji. Mama yake alinifuata kwenye korido. Alikuwa na heshima, kama siku zote.

"Baba Mchungaji, yule daktari amesema mliongea mambo ya kemia. Ulisoma hayo?"

"Nilisoma, mama."

"Na Ijumaa ulikuwa unayajua?"

Sikuwa na jibu. Hakulirudia swali. Alinishukuru kwa gari, akarudi kwa mwanawe. Swali lile bado ninalo.

Nimejaribu kulijibu mbele za Mungu. Hofu ilikuwepo, na kiburi pia, hayo nimeyakiri. Lakini lilikuwepo na kosa la mafundisho, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Nilikuwa nimegawanya ulimwengu vipande viwili: kanisani ni kwa Mungu, maabara ni kwa watu. Nilipovuka mlango wa kanisa niliacha nje kila nilichojifunza juu ya uumbaji, kana kwamba Mungu wa madhabahuni hakuwa ndiye aliyeipa damu bikaboneti. Tunawakaririsha watoto wa kipaimara fungu la kwanza la Imani, juu ya Mungu aliyetuumba mwili na roho, halafu mtoto anapougua tunatenda kama Mungu huyo ameumba roho peke yake.

Baba zetu katika imani hawakufundisha hivyo. Hezekia alipougua akakaribia kufa, aliomba kwa machozi, na Bwana akamsikia. Lakini nabii Isaya aliyeleta habari hiyo njema aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Luther naye, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, aliandika waraka kwa wachungaji waliomwuliza kama Mkristo anaweza kukimbia. Yeye mwenyewe alibaki kuwahudumia wagonjwa. Lakini aliwaonya wanaodharau dawa kwamba wanamjaribu Mungu, maana dawa na akili ni vyake, naye ametupa ili tuitunze miili yetu na kukaa vema na jirani.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya usharika nikasema nilichofanya. Nilimwomba msamaha bibi muuguzi kwa mkono niliomkatalia. Nilikuwa nimejifunza kutoa tu: kutoa neno, kutoa baraka, kutoa amri. Kupokea sikujua. Tangu hapo tumeweka utaratibu wa kawaida kabisa. Mgonjwa akiletwa kwenye ibada au mkesha, swali la kwanza ni: ameshapimwa? Kama bado, tunaomba kwa kifupi, tunaingia naye kwenye gari, na maombi yanaendelea njiani. Wengine waliniambia imani yangu imepungua. Mimi najua kwamba ninaomba zaidi kuliko zamani, ila siku hizi sina haja ya kupiga kelele.

Wala sisemi kwamba nyimbo ni mbaya. Siki ni njema kwenye kachumbari, magadi ni mema kwenye makande. Mwenye hekima hakulaumu wimbo. Alimlaumu mwimbaji asiyemtazama aliye mbele yake.

Mwaka jana binti yule alinitembelea. Sasa ni mama wa watu, ana mtoto mmoja, na huchoma insulini kila siku. Hana jokofu, chupa yake huitunza kwenye chungu cha udongo chenye maji, alivyofundishwa kliniki. Alikuwa amehudhuria mkutano wa injili mahali fulani, akaombewa, akaambiwa amepona, na kwamba ishara ya imani ni kuitupa ile chupa. Hakuitupa, lakini hakuwa na amani. Aliniuliza, "Baba, nikiendelea kuchoma sindano, namkana Mungu?"

Nilimwambia habari ambayo hakuwa ameisikia yote, kwa sababu usiku ule hakuwa na fahamu za kutosha. Nilimweleza nilivyoikemea pumzi yake. Nilimweleza kwamba kabla ya mwaka 1922, mtu wa kwanza alipochomwa insulini kule Toronto, watoto wenye ugonjwa wake walikuwa wakifa, pamoja na wale waliokuwa na wazazi wa imani kubwa. Nilimwambia kwamba amani ya mwili wake si ya kitu kilichosimama. Ni ya kuingia na kutoka, kupokea na kutoa, kila siku, mpaka siku Bwana atakapomwita. Sindano ni sehemu ya kupokea.

Alinyamaza kidogo. Kisha akatazama saa ya ukutani, akafungua mkoba wake, akaniomba maji ya kunawa mikono, maana muda wa dozi ulikuwa umefika. Nilimletea maji. Kabla hajachoma aliniomba tumshukuru Mungu kwanza, kama tunavyofanya kabla ya chakula. Tuliomba kwa kifupi. Nami nikabaki kimya, nikimsikiliza akipumua taratibu.